Animals ya Pink Floyd: albamu iliyonikuta nikiwa mbwa

Nimekaa na hii albamu karibu miaka 8 sasa na kila nikitaka kuandika kitu juu yake naahirisha, maana Animals sio albamu ya kuisifia haraka haraka halafu ukaenda zako. Ila juzi nimeisikiliza tena yote, lile toleo lenye miksi mpya, yaani sauti za rekodi zilezile zimepangwa upya, nikiwa kwenye daladala ya Gongo la Mboto, foleni ya barabara ya Nyerere haisogei, dakika 41 na ushee za albamu zikaisha na sisi bado tupo pale pale, nikavua hedifoni nikabaki naangalia watu waliosimama, wamechoka, kila mtu na simu yake, nikasema hapana, leo naandika.

Kwa ambao hawaijui, hii ni kazi ya bendi ya Kiingereza ya Pink Floyd, ilitoka Januari 1977, ina nyimbo tano tu. Na kati ya hizo tano mbili ni vijiwimbo vya dakika moja na nusu hivi, kimoja kinafungua na kingine kinafunga, kwa hiyo mzigo wenyewe ni nyimbo tatu: Dogs dakika 17, Pigs dakika 11 na kitu, Sheep dakika 10. Ndo roki ya progresivu hiyo, wimbo unajengwa kama hadithi, unabadilika njiani, unanyamaza, unarudi, hausubiri kiitikio uanze kuimba nao. Kama umezoea bongofleva ya dakika tatu mwanzoni utaona wanakuchelewesha. Vumilia. Hawakucheleweshi, wanakupeleka mahali.

Walioimba na kupiga ni wanne wale wale, Roger Waters besi na sauti, David Gilmour gitaa, Richard Wright vinanda, Nick Mason drams, wamerekodi mwaka 1976 kwenye studio yao wenyewe ya Britannia Row huko Islington, London. Maneno yote ni ya Waters na utamsikia tu, ana hasira ya mtu ambaye hajalala.

Sasa lazima ujue Uingereza ya 1976 ilikuwaje, bila hivyo utadhani ni matajiri wa muziki wanalalamika wakiwa wameshiba. Mwaka huo serikali yao ilienda IMF, lile shirika la fedha la kimataifa, kuomba mkopo wa dola bilioni 3.9. Ndio, Uingereza, kwa IMF ile ile ambayo wazee wetu hapa walikuja kuijua vizuri miaka ya themanini, na wakapewa masharti yale yale tunayoyajua, serikali ibane matumizi. Watu wasio na kazi walishapita milioni moja. Mwezi wa nane karnivali ya Notting Hill, sherehe ya watu wenye asili ya Karibi, ikaishia kwa vijana weusi kupambana na polisi barabarani. Na kwenye viklabu vidogo vidogo punki wameanza kupiga nyimbo fupi za hasira, Johnny Rotten wa Sex Pistols anatembea na fulana ya Pink Floyd ambayo juu yake kaandika kwamba anawachukia, maana kwake hawa walikuwa ni wazee walioridhika. Ukiisikiliza Animals ukijua hayo yote unaona kwamba hawakuridhika hata kidogo. Kwangu mimi hii ina hasira kuliko punki nyingi, ila ni hasira ya mtu aliyekaa chini akafikiri kwanza.

Wazo la wanyama limetoka kwa George Orwell, kile kitabu chake cha 1945, na hapa sisi wasomaji wa Kiswahili tuna mlango wetu wa kuingilia, maana kitabu hicho tunacho siku nyingi, Shamba la Wanyama, kimetafsiriwa na Fortunatus Kawegere na kikachapishwa 1967. Mwaka ule ule wa Azimio la Arusha! Mi nakala nilikutana nayo kwenye sanduku la baba, imechanika jalada, nikaisoma nikiwa darasa la sita nikidhani ni hadithi ya watoto. Orwell alikuwa anawapiga wale waliopindua mabwana halafu wao wenyewe wakageuka mabwana, alikuwa anaiangalia Urusi ya Stalin. Waters kawachukua wanyama hao hao akawahamishia mjini, kwenye maofisi na mitaa ya biashara, na kawapunguza wakabaki aina tatu. Nguruwe ndo wenye amri. Kondoo ndo umma unaofuata. Na mbwa.

Wazee wa enzi za Ujamaa walikuwa na maneno yao makali kwa mambo haya, mnyonyaji, kupe, bepari, mtu mwenye mirija. Kwa hiyo nguruwe wa Waters tunamjua, tuna jina lake. Kondoo pia tunamjua, mnyonywaji huyo. Lakini huyu mbwa, huyu anayekimbia huku na kule, anayemfanyia kazi nguruwe huku akiota siku moja atakuwa nguruwe yeye, sikumbuki kama tuna neno lake. Na ndo maana albamu hii ilinikamata shingoni, kwa sababu mimi nilikuwa yeye.

Nitasema tu. Nilikuwa afisa mikopo kwenye taasisi moja ndogo ya mikopo hapa Dar, sitaitaja na haina haja, zipo nyingi, mikopo ile ambayo watu wameipa jina la kausha damu. Mtu anakopa laki mbili leo kesho anaanza kurejesha, na akichelewa anaongezewa, na akishindwa tunakuja. Sisi tunakuja, sio bosi, bosi hata hajui nyumba ilipo. Tulikuwa vijana, mashati yamenyooka, pikipiki ya ofisi, tunafundishwa namna ya kutabasamu wakati mama anaweka sahihi na namna ya kutotabasamu tukirudi. Kulikuwa na ubao ofisini umeandikwa majina yetu na asilimia ya makusanyo. Jina langu lilikaa juu miezi mingi. Siku moja nikaenda Vingunguti kuchukua cherehani ya mama mmoja, mtu mzima, nikamwamkia, shikamoo mama, akaniitikia marahaba mwanangu akanipa kigoda nikae, halafu nikaibeba cherehani yake nikaifunga nyuma ya pikipiki kwa mpira. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, mwanangu umekula?

Wiki hiyo hiyo, sijapanga, jirani yangu kwenye nyumba tuliyopanga, fundi redio, mtu wa roki za zamani, akanipa flashi. Akasema anza na hii yenye nguruwe. Nikaisikiliza usiku na maneno nayasoma kwenye simu, Kiingereza changu ni cha shule lakini kinatosha.

Dogs inaanza na gitaa kavu la nyuzi, linakwangua kwanguu linatoka mbali linasogea, halafu Gilmour anaanza kuimba kwa sauti nzuri kabisa, laini, kama mjomba anayekupa mawaidha ya kazi. Anakueleza unavyotakiwa kuwa: uwe na njaa ya kweli, ulale huku umesimama, ukiwa mtaani ujue kumtambua aliye mwepesi kumla hata macho umefumba. Halafu ukishazoea ufanyie kazi mwonekano, tai ya klabu, mkono unaoshika kwa nguvu, macho yanayotulia, tabasamu rahisi, ili wale unaowadanganya wakuamini, wakigeuka tu ndo umchome kisu. Nilisimamisha wimbo hapo. Yani ni semina yetu ya Jumatatu asubuhi ile, neno kwa neno karibu, imeandikwa London kabla sijazaliwa.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba Gilmour anaimba vizuri. Hajamfanya mbwa kuwa mbaya wa sinema. Sauti inakubembeleza, unaielewa kwa nini mtu anaingia kwenye kazi hiyo, kodi ipo, mdogo wako anasoma, unapandishwa cheo. Halafu beti inayofuata umri umeenda, unazidi kuangalia nyuma, mambo yanazidi kuwa magumu, unahamia kusini, na mwisho unabaki mzee peke yako unakufa kwa kansa. Anayasema hayo kwa sauti ile ile ya upole.

Katikati kuna jiwe. Neno tu, jiwe, mtu kazama nalo, na hilo neno la mwisho linarudiwa na mwangwi, linarudi, linarudi, linapoteza umbo, mpaka unasikia limekuwa sauti ya mashine, na chini yake mbwa wanabweka lakini mbweko wao umepitishwa kwenye vokoda, kifaa kinachofanya sauti iwe kama ya mashine, ukawa kama unatoka chini ya maji. Hapo Wright anatandaza vinanda, dakika kama tatu nne hivi hakuna anayeimba, polepole, baridi. Wapo watu wanasema sehemu hii inachosha, wangeikata. Mi nawaomba waisikilize usiku taa zimezimwa. Ile ndo sehemu ambayo mbwa yuko ndani ya maji anazama na hakuna mtu juu, wangeikata tungejuaje kwamba kuzama kunachukua muda?

Halafu gitaa. Sitaki kutumia maneno mengi kwa gitaa la Gilmour humu, ila ile sehemu magitaa mawili yanashuka pamoja yanalia, yani kama watu wawili msibani, na inarudi mwishoni tena, kama unaijua unajua. Ni kazi yake bora kwangu mimi kuliko zote alizopiga.

Sehemu ya pili anachukua Waters mwenyewe, sauti kavu, anakiri kwamba amechanganyikiwa, kwamba wakati mwingine anajiona anatumika tu. Na anamalizia na orodha, mistari inayoanza sawasawa, nani aliyezaliwa kwenye nyumba yenye maumivu, nani aliyevishwa mkanda na mnyororo, nani aliyepigwapigwa mgongoni na kupongezwa, nani aliyekuwa mgeni nyumbani kwake mwenyewe, nani aliyekutwa amekufa na simu mkononi. Drams za Mason zinagonga kila mstari kama anapigilia msumari. Huo wa mgeni nyumbani kwake ndo ulionimaliza, maana mke wangu alikuwa ameshaacha kuniuliza siku yangu imeendaje, alijua sitajibu.

Kwa hiyo mtu akiniuliza albamu hii ina nini, namjibu hivyo. Nyimbo za kuwasema wakubwa zipo tele, kila nchi inazo, na kuziimba kunaburudisha kwa sababu wewe unayeimba unabaki msafi, mbaya ni yule. Animals imeanza na mbwa, ikampa wimbo mrefu kuliko wote, ikakuacha ujiangalie kwanza kabla haijakuruhusu kumcheka nguruwe. Mpangilio huo ni wa makusudi, naamini hivyo.

Baada ya hapo Pigs, na hapa nitasema ukweli hata kama mashabiki watanuna. Muziki ni mtamu sana, labda ndo wimbo unaochezeka kuliko yote humu, kinanda kinaingia na nguruwe wanakoroma, besi inazungukazunguka, kengele ya ng'ombe inagongwa ko ko ko muda wote, na Gilmour ana kile kifaa cha kupitisha sauti ya gitaa mdomoni kwa mpira, analifanya gitaa likorome kama nguruwe kweli kweli. Ila maneno yake yamezeeka. Kuna nguruwe watatu, wa kwanza ni mkubwa wa biashara, huyo yupo mpaka leo. Wa pili wengi wanaamini ni Margaret Thatcher, wakati ule alikuwa kiongozi wa upinzani tu, hajawa waziri mkuu mpaka 1979. Wa tatu anatajwa kwa jina kabisa, Whitehouse, yaani Mary Whitehouse, mama aliyekuwa anaongoza kampeni ya kusafisha maadili kwenye televisheni ya Uingereza tangu 1964. Ukisikiliza leo bila kuambiwa utadhani anaisema ikulu ya Marekani. Na hata ukiambiwa, mi naona alikosea shabaha, mama anayelalamika kuhusu televisheni kumweka meza moja na wenye pesa na mamlaka ya nchi ni hasira binafsi imepenya. Dogs haina jina la mtu hata mmoja na ndo maana ilifika mpaka Vingunguti.

Ingawa Waters mwenyewe kaufufua, kwenye ziara yake ya 2017 aliupiga na picha kubwa za Donald Trump nyuma, watu wakalipuka, kwa hiyo labda wimbo wa nguruwe kila kizazi kinamtafutia nguruwe wake.

Sheep nayo ni habari nyingine. Inaanza kwa amani mpaka inatisha, kondoo wanalia kwa mbali, Wright yuko peke yake kwenye piano ya umeme, anapiga kitu kama mtu anatembea shambani asubuhi umande bado upo, halafu besi inaanza kudunda kwa chini, du du du du, unajua kabisa kuna kitu kinakuja. Kuna ufundi mmoja humu naupenda mno, Waters akipiga kelele mwisho wa mstari ile sauti haikatiki, inavutwa inavutwa na katikati ya kuvutwa inageuka kuwa sintesaiza, kile kinanda cha kutengeneza sauti kwa umeme, hujui mtu kaishia wapi mashine imeanzia wapi. Kwenye albamu inayosema watu wanageuzwa vitu, hiyo ina maana yake.

Waswahili tuna msemo, kufa kikondoo ndiko kufa kiungwana. Mbuzi anapiga kelele akichinjwa, kondoo hunyamaza, na sisi tumeufanya ule ukimya kuwa heshima. Yule mama wa cherehani alikuwa na uungwana huo. Na mimi kazi yangu ilikuwa inautegemea, tuseme ukweli, kama kila mama angepiga kelele mtaa mzima ukatoka sisi tusingebeba hata kijiko. Sasa katikati ya Sheep inaingia sauti ya vokoda inasoma Zaburi ya 23, ile ile ambayo kila Mkristo anaijua kwa moyo, Bwana ndiye mchungaji wangu, sitapungukiwa na kitu, inaanza vizuri halafu inapinda, mchungaji ananilaza kwenye majani mabichi halafu kwa kisu ananipeleka kwenye ndoano, ananigeuza vipande vya nyama, na kondoo wanaendelea kusoma mpaka wanasema sasa tutajifunza karate tuwatoe machozi. Na wanawatoa. Wanawavamia mbwa, mbwa wanakufa.

Najua ndugu zangu wa kanisani wataona hapo pamekosewa adabu. Mi mwenyewe nimelelewa Kilutheri na mara ya kwanza nilishtuka. Ila nikisikiliza vizuri naona hakuitukana Zaburi, kamtukana anayeisoma kwa kondoo huku kisu kipo nyuma ya mgongo, na watu hao tumewaona.

Kilichonishangaza ni kwamba mbwa wakishakufa hakuna sherehe. Tangazo linatoka, mbwa wamekufa, ila wewe bora ukae nyumbani ufanye unavyoambiwa, ondoka barabarani kama unataka kuzeeka. Nguruwe hata hajaguswa! Halafu ndo Gilmour anaachia yale magitaa ya ushindi, makubwa, ya furaha, yanarudia rudia yanafifia, kondoo wanabaki wanakula majani. Nimebishana na yule jirani yangu fundi redio mara nyingi hapo, yeye anasema magitaa yale ni ushindi wa kweli, mi nasema ni ushindi wa watu waliomla mtumishi wakamwacha tajiri. Vyovyote vile, miaka minne baadaye, Aprili 1981, Brixton, mtaa wa London wenye watu weusi wengi, ikawaka moto kwa ghasia, kwa hiyo aliyeandika alikuwa ananusa kitu.

Jalada nalo siwezi kuliruka. Ni kituo cha umeme cha Battersea pale London kando ya mto Thames, minara minne ya moshi, anga limechafuka, na nguruwe anapita kati ya minara. Sio mchoro. Ni puto la kweli, urefu kama mita 12, limetengenezwa Ujerumani, likapandishwa pale Desemba 1976. Siku ya kwanza waliweka mtu wa bunduki wa kulitungua likitoroka. Siku ya pili hawakumwita. Likakatika kamba likaenda zake, likapita njia za ndege za uwanja wa Heathrow, safari zikavurugika, likaja kudondokea shambani huko Kent na mwenye shamba akalalamika ng'ombe wake wameogopa. Picha ya jalada mwishowe imeunganishwa, nguruwe wa siku nyingine kawekwa kwenye anga la siku ya kwanza kwa sababu anga lile lilikuwa zuri kuliko yote. Kituo chenyewe kilizimwa 1983, kikakaa gofu miaka na miaka, na sasa hivi ni nyumba za bei mbaya, maduka na ofisi, kimefunguliwa 2022. Jalada la toleo jipya limeonesha pale pale kukiwa na winchi za ujenzi zimezunguka, na mi naona limeongeza maana bila mtu kuandika neno. Mahali ambapo makaa ya mawe yaliwasha taa za maskini na tajiri, leo ni pa wenye hela.

Shangazi yangu wa Tanga, Muislamu safi, alipoliona jalada kwenye simu yangu akaguna akauliza, na huyu mdudu anafanya nini juu? Nikamweleza kwamba ndo mkubwa anayewaangalia watu kutoka juu. Akasema basi wamemweka mahali pake, maana ukimwona chini utamkimbia, akiwa juu huna pa kukimbilia. Sijapata kusoma uchambuzi mzuri kuliko huo.

Kuhusu toleo la kuchukua. Miksi ya zamani ya 1977 ina rangi ya kijivu, drams zimekaa nyuma ya ukuta, besi imefifia, wengine wanaipenda hivyo wanasema ndo hali ya hewa ya albamu yenyewe. Nimeisikiliza hiyo miaka yote kwenye flashi kwa hiyo sina chuki nayo. Ila ile miksi mpya ya fundi sauti James Guthrie, inaitwa 2018 Remix ingawa imetoka Septemba 2022, kwangu imeshinda. Mason ametoka ukutani, unasikia ngozi ya drams, kengele ya ng'ombe ipo hapa karibu na sikio, na vinanda vya Wright mwanzo wa Sheep vimepata hewa. Jirani anayo santuri yake, shemeji yake alimletea, tulipoiweka kwa mara ya kwanza kwenye spika zake tulinyamaza upande mzima wa kwanza mpaka sindano ikafika mwisho ikaanza kukwaruza.

Ilichelewa miaka yote hiyo kwa sababu Waters na Gilmour walishindwana kuhusu maelezo ya ndani ya kijitabu, nani apewe sifa gani. Inasikitisha, ila ugomvi huo umeanzia humu humu. Malipo ya utunzi yalikuwa yanahesabiwa kwa idadi ya nyimbo, sio urefu, kwa hiyo Waters kwa kukikata kile kijiwimbo chake cha gitaa vipande viwili, cha mwanzo na cha mwisho, kikahesabika nyimbo mbili, wakati Gilmour na Dogs yake ya dakika 17 ana nusu ya wimbo mmoja. Na Wright, mtu aliyetandaza ile baridi yote niliyoieleza, hana jina kwenye utunzi hata sehemu moja. Miaka miwili baadaye wakamsukuma nje ya bendi. Ameshafariki, 2008. Kila nikiusikia mwanzo wa Sheep namkumbuka, kwenye albamu inayolaani watu kulana naye aliliwa.

Nimevisema vile vijiwimbo viwili kama vitu vidogo, na miaka kadhaa ndo nilivyovichukulia, nilikuwa navirusha nifike kwenye Dogs. Vinaitwa Pigs on the Wing, Waters peke yake na gitaa kavu, hamna drams hamna kinanda. Cha kwanza kinauliza ingekuwaje kama wewe usingejali yanayonipata na mimi nisingejali yanayokupata. Basi. Halafu zinakuja zile dakika 39 zinakuonesha hasa ingekuwaje. Cha mwisho kinajibu, anasema najua unajali yanayonipata, na unajua najali yanayokupata, kwa hiyo siko peke yangu, sisikii uzito wa lile jiwe. Lile jiwe lililomzamisha mbwa! Halafu anasema amepata mahali salama pa kufukia mfupa wake, na mjinga yeyote anajua mbwa anahitaji nyumba.

Ilinichukua muda mrefu kuelewa. Anayeimba ni mbwa. Wakati wote huo aliyekuwa anawahukumu wote alikuwa anajihesabu humo. Niliacha kazi ile mwezi wa nne baada ya kuisikia albamu hii, sitasema wimbo ndo uliniachisha, mke wangu ndo aliniachisha, alinikalisha chini akaniuliza maswali mpaka saa nane usiku. Cherehani sikuweza kuirudisha, ilishauzwa. Nilimnunulia yule mama nyingine, iliyotumika, na nilipompelekea alinipa kigoda kile kile.

Kitu kimoja tu nawalaumu na toleo jipya. Zamani kulikuwa na kaseti za treki nane, zile kubwa za kwenye magari ya Marekani, zinazozunguka bila mwisho, na kwa ajili ya hizo walimwita mpiga gitaa Snowy White apige solo fupi ya gitaa inayounganisha kijiwimbo cha mwisho na cha kwanza, ili kaseti ikizunguka mbwa akishapata nyumba albamu ianze tena bila kukatika. Solo hiyo haimo kwenye santuri mpya. Wangeiweka, hata mwishoni kama nyongeza. Kwa sasa mi nafanya kwa mkono, Part Two ikiisha narudisha mwanzo mwenyewe, kabla daladala haijafika.